Kifungua kopo cha umeme, cha betri au cha mkono: kipi kinafaa jikoni Tanga?

Mtu anayeingia leo kwenye maduka ya vyombo ya Ngamiani, au anayepita kwenye mabanda yanayozunguka Soko la Mgandini, anaweza kukuta vifungua kopo vya namna nne. Kipo kile kidogo cha chuma chenye ncha, ambacho hutobolea mfuniko kisha kikasukumwa mbele kwa nguvu ya kiganja. Kipo cha mipini miwili chenye kizungushio pembeni. Kipo cha betri, ambacho huwekwa juu ya kopo kikazunguka chenyewe. Na ipo mashine ya mezani inayochomekwa kwenye soketi ya ukutani. Bei zao hupanda takriban kwa mpangilio huohuo, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba kadiri bei inavyopanda ndivyo usalama unavyoongezeka. Imani hiyo haina msingi. Mashine ya umeme inaweza kuacha ukingo mkali sawasawa na kifungulio cha bei ya chini, na cha mkono kilichoundwa vizuri kinaweza kuacha ukingo usiodhuru hata kidole cha mtoto.

Ushauri wangu ni kuyapanga maswali upya. Swali la kwanza ni mkono wa nani utakaofungua. La pili ni mahali kifaa kinapolikata kopo. La tatu ni jinsi kitakavyooshwa. Umeme au betri uje mwisho kabisa. Nitavilinganisha vifaa hivi kwa kufuata maswali hayo, nikikumbuka hali halisi ya majiko yetu ya Tanga, ambako upepo wa baharini hubeba chumvi, umeme huweza kukatika bila taarifa, na kopo si chakula cha kila siku katika nyumba nyingi, ila huongezeka ghafla panapokuwa na futari ya wageni, maulidi au harusi: nyanya za kopo, tui la kopo pale nazi za kukuna zisipotosha, maziwa mazito ya kopo, mahindi matamu, samaki.

Kabla ya ulinganisho wenyewe ni lazima kukitaja kisu, kwa sababu ndicho kinachotumika zaidi. Kopo husimamishwa sakafuni au mezani, ncha ya kisu huwekwa juu ya mfuniko, na mpini hugongwa kwa mchi au jiwe mpaka bati litoboke. Kisha kisu huzungushwa kwa kunyanyua na kushusha hadi mfuniko ufunguke kwa meno meno yaliyochanika. Hatari iko katika nyakati mbili, yaani pale ncha inapoteleza kabla ya kutoboa, na pale kisu kinapozama ghafla baada ya kutoboa huku mkono wa pili ukiwa umelishika kopo. Jeraha la bati lililochanika si la kupuuzwa: lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, na aliyejeruhiwa afike kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda ikiwa ana muda mrefu hajachomwa au hakumbuki. Kifungulio cha kwanza kati ya vile vinne, kile cha kusukuma kwa kiganja, ni hatua moja tu kutoka kwenye kisu. Hakitelezi kwa urahisi, kwa sababu kina kikwazo kinachoshika ukingo wa kopo, lakini kinaacha meno yaleyale na kinadai nguvu ileile. Kinafaa kukaa kwenye mkoba wa safari au chomboni mwa wavuvi. Kwa nyumba sikipendekezi, na sitakirudia tena.

Kukata kwa juu na kukata kwa ubavuni

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu jambo hili huamua mengi kuliko chanzo cha nguvu, na ndilo ambalo wauzaji wengi hawaligusi.

Mfuniko wa kopo la chakula haukubandikwa tu juu. Umekunjwa pamoja na ukuta wa kopo, mkunjo ndani ya mkunjo, ukabanwa kiwandani mpaka pakatokea ule ukingo mnene unaouhisi ukipitisha kidole. Ndani ya mikunjo hiyo mna utando mwembamba wa gundi laini unaozuia hewa na vijidudu kupenya. Kifungulio kinaweza kuushughulikia ukingo huo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kukata kwa juu. Gurudumu dogo lenye makali hutoboa mfuniko ndani ya ukingo na kuuzunguka. Mfuniko hutoka ukiwa bati bapa lenye makali pande zote, na kwenye kopo hubaki duara la bati lenye makali kwa ndani, mahali hasa ambapo mtu hupitisha kijiko au vidole kukomba kilichobaki. Usipozuiwa na sumaku, mfuniko hutumbukia kwenye chakula, pamoja na vumbi la ghalani na chochote kilichopita juu yake usiku dukani. Tena gurudumu huzama kwenye mchuzi, na mchuzi huo hukaukia kwenye makali na nyuma ya gurudumu, ukisubiri kopo lijalo.

Njia ya pili ni kukata kwa ubavuni. Gurudumu hupita kwa nje na kuukata ule mkunjo wenyewe, hivyo mfuniko hunyanyuka mzima pamoja na ukingo wake. Makali ya pande zote mbili hupungua sana, mfuniko unaweza kurudishwa juu ya kopo kwa muda, na gurudumu halikigusi chakula. Njia hii ina upungufu wake pia. Kopo lililobonyea ukingoni huikwamisha. Gurudumu likiwa butu huweza kuacha nyuzi nyembamba za bati kwenye mdomo wa kopo, ambazo ni lazima zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kumimina. Na kwa kuwa mfuniko huonekana bado umekaa mahali pake baada ya kukatwa, asiyezoea hudhani kazi haijafanyika, akazungusha mara ya pili. Mzunguko huo wa pili ndio unaozaa nyuzi nyingi zaidi.

Utavitofautishaje dukani bila kufungua kopo? Tazama lilivyokaa gurudumu la makali wakati kifaa kimeshikwa kama kinavyotumika. Likiwa limesimama wima, litakata kwa juu. Likiwa limelala bapa, sambamba na mfuniko, litakata kwa ubavuni. Kipimo hiki kinafaa kwa cha mkono, cha betri na cha umeme vilevile.

Historia ya kifaa inaunga mkono jambo hili. Kopo la bati lilipata hataza nchini Uingereza mwaka 1810, na kwa miongo kadhaa lilifunguliwa kwa patasi na nyundo. Ezra Warner wa Marekani alipata hataza ya kifungulio chake cha kisu mwaka 1858, na William Lyman, Mmarekani mwenzake, akaleta gurudumu la kukatia mwaka 1870. Mota ya umeme iliingia kwenye majiko ya nyumbani ya Marekani kwa wingi miaka ya 1950, ikalizungusha gurudumu lililokwisha kuwapo. Mota ilichukua kazi ya kiganja, na ubora wa mkato ukabaki kuwa suala la gurudumu.

Mashine ya mezani

Mashine ya mezani husimama wima, ina kitako kizito, na kwa mbele ina mkono wa kushusha uliobeba gurudumu la makali. Chini ya gurudumu hilo kuna gurudumu jingine dogo lenye meno linalolishika kopo kwenye ukingo na kulizungusha, na mbele yake kuna sumaku inayoushika mfuniko ukishakatika. Unaweka ukingo wa kopo kati ya magurudumu mawili, unashusha mkono, na mota hufanya yaliyobaki. Kwa mtu mwenye kidole kimoja tu chenye nguvu, huo ni msaada mkubwa ambao cha mipini miwili hakiwezi kuutoa.

Nyingi kati ya mashine hizi, hata hivyo, hukata kwa juu. Kwa hiyo mnunuzi hulipa zaidi na bado anabaki na mfuniko wenye makali, isipokuwa safari hii unaning'inia kwenye sumaku. Uondoe kwa kuushika katikati ya bapa lake, si kwenye ukingo, baada ya mota kusimama kabisa. Kopo lenyewe lishikiliwe kwa mkono wa pili tangu mwanzo wa mzunguko hadi mwisho, kwa sababu sumaku hushika mfuniko na kamwe haiwezi kubeba kopo lililojaa. Kopo la gramu 400 huanguka likamwaga, na lile kubwa la kilo 3 la mahotelini huweza hata kuivuta mashine ikapinduka. Makopo makubwa ya namna hiyo yana kifungulio chake cha kufungwa ukingoni mwa meza, chenye mpini mrefu wa kuzungusha, na jiko la biashara lisijaribu kuokoa fedha kwa kutumia mashine ya nyumbani.

Gharama ya umeme isimtishe mtu. Tuchukue mashine ya wati 70 inayoendeshwa dakika moja kila siku kwa mwaka mzima: jumla yake haifiki hata nusu ya uniti moja ya LUKU. Penye hofu ya kweli ni kwenye soketi.

Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50, na soketi zetu ni za pini tatu kama za Uingereza. Mashine iliyotoka Uingereza au Dubai kwa kawaida itaingia na kufanya kazi bila shida. Iliyotoka Marekani imeundiwa volti 120, na ya Japani volti 100, nazo hufika Tanga kwa njia nyingi, kuanzia mizigo ya ndugu walio nje hadi vyombo vilivyokwisha kutumika. Bibi mmoja wa Chumbageni aliletewa mashine nzuri sana na mjukuu wake anayeishi Marekani, na vijana wa nyumbani wakawa tayari wamenunua adapta. Tulipoigeuza na kusoma kibandiko cha chini, aliniuliza, “Sasa mwanangu, nikitupe kitu alichonitumia mtoto?” Nikamjibu, “Hapana bibi, ila kisichomekwe hivi. Hiyo adapta inabadilisha umbo la pini tu, umeme unapita vilevile.” Mota iliyoundiwa volti 120 ikipewa 230 huzunguka kwa kasi isiyo yake, hupata joto haraka, na nyaya zake huungua, pengine ikiwa bado mkononi mwa mtu. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma yenye ubora kwa ajili ya kifaa kinachotumika mara mbili kwa wiki ni matumizi ambayo mimi singeyafanya.

Zuieni pia tabia iliyozoeleka ya kuichomeka plagi ya pini mbili kwa kusokomeza kijiti au kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili matundu mawili ya chini yafunguke. Tundu lile la juu ni la waya wa ardhi, na vifuniko vya ndani vimewekwa makusudi ili mtoto asiweze kuingiza kitu. Plagi iliyolazimishwa hivyo hukaa kwa kulegea, hupiga cheche, na huyeyusha soketi taratibu. Mashine ikiwa na waya wa nyuzi mbili tu bila waya wa ardhi, tafuta kwenye kibandiko alama ya mraba ulio ndani ya mraba mwingine. Maana yake ni kwamba ina kinga mbili za ndani na haihitaji waya wa ardhi. Ikikosa alama hiyo na pia ikakosa pini ya tatu, iache dukani. Kama plagi ni ya pini tatu, fundi umeme aangalie fyuzi iliyo ndani: kwa kifaa kidogo hivi fyuzi ya ampea 3 inatosha, na ile ya 13 inayowekwa kwa mazoea huruhusu waya mwembamba kuungua kabla fyuzi haijakatika.

Mahali pa kuiweka mashine nako kuna maana. Isikae kando ya beseni la kuoshea vyombo, wala waya wake usipite juu ya jiko la mkaa au la gesi, wala usining'inie mbele ya meza mahali ambapo mtoto atauvuta. Mikono iwe mikavu. Umeme ukikatika katikati ya kopo, chomoa kwanza, kisha nyanyua mkono wa mashine na ulitoe kopo taratibu. Usiiache ikiwa imechomekwa, kwa sababu umeme hurudi wakati wowote na wakati mwingine hurudi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Umeme ukiwa hafifu, mota hunguruma bila kuzunguka. Mngurumo huo ni dalili ya kuiachia swichi mara moja, maana mota iliyosimama huku umeme ukipita ndani yake hupata joto kwa haraka kuliko inayofanya kazi. Vilevile mashine hizi zimeundiwa kazi fupi fupi. Siku ya shughuli, ukiwa na makopo mengi, fungua machache, ishike kwa nje kuhisi joto, uipumzishe, kisha uendelee.

Cha betri

Kifungulio cha betri ni chepesi, huenea kiganjani, hakina waya, na ni nadra kukuta maelezo yake yakitaja volti za ukutani. Hutumia betri mbili au nne za ukubwa wa AA, na siku hizi vipo vinavyochajiwa kwa chaja ya simu. Ukikibonyeza kikiwa juu ya kopo hujishika chenyewe kwenye ukingo na kuanza kutambaa, na vingi hukata kwa ubavuni. Kwa mzee mwenye maumivu ya viungo, au mtu ambaye upande mmoja wa mwili umedhoofika baada ya kiharusi, hiki ndicho ningekiweka mbele ya mashine ya mezani: hakuna kopo la kuinuliwa hadi kwenye kichwa cha mashine, kopo linabaki limesimama mezani, na hatari ya umeme wa ukutani haipo.

Udhaifu wake ni betri na umbo la kopo. Zile betri za bei ya chini zinazouzwa kila kibanda zina nguvu ndogo kwa kazi ya mota. Kifaa huanza vizuri kisha hukwama nusu ya mzunguko, kikiwa kimeng'ang'ania ukingo. Usikivute kwa nguvu. Weka betri mpya zote kwa pamoja, kwa sababu kuchanganya mpya na kuukuu huzimaliza zile mpya na kuzivujisha zile kuukuu, kisha bonyeza tena kimalize mzunguko na kujiachia. Betri za alkali hugharimu zaidi na hudumu vizuri zaidi. Nyumba inayofungua makopo wakati wa Ramadhani tu izitoe betri kabla ya kukihifadhi kifaa. Kwenye joto na unyevu wa pwani betri iliyosahauliwa huvuja, na maji yake hula vishikizo vya shaba mpaka kifaa kisiweze kuwaka tena.

Kuhusu umbo, kopo la mviringo halina tatizo. Makopo ya samaki yenye pembe nne au ya umbo la yai hukishinda, kwa kuwa hakiwezi kukata kona. Mengi ya makopo hayo huja na pete ya kuvuta, lakini si yote.

Cha mipini miwili

Nyumba yenye angalau mtu mmoja mwenye mikono mizima ingefanya vizuri kununua cha mipini miwili kinachokata kwa ubavuni, chenye mipini minene ya mpira na kizungushio kipana. Hakidai umeme, hakidai betri, huoshwa chote kwa maji na sabuni, na kikiharibika hasara ni ndogo. Kinafanya kazi ileile usiku ambao mtaa mzima uko gizani. Mikono dhaifu hakiifai, kwa sababu mkono mmoja lazima ubane mipini kwa uthabiti huku mwingine ukizungusha, na anayetumia mkono wa kushoto atakiona kigumu, kwani vingi vimeundiwa mkono wa kulia. Anayenunua kwa ajili ya mama au bibi ampe kwanza akishike mwenyewe. Kipini chembamba cha chuma humkata kiganjani kabla hata kopo halijafunguka.

Kuosha na kutunza karibu na bahari

Katika suala hili vifaa vyote vitatu vina adui mmoja, nayo ni kutu, na anayekaa Raskazone, ambako upepo wa kusi huingia moja kwa moja dirishani, atalijua hilo mapema kuliko anayekaa Pongwe. Magurudumu mengi ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa utando wa kung'aa. Utando ukikwanguka, chumvi ya hewani na unyevu humaliza kazi.

Cha mkono kioshwe kila baada ya kopo, kwa maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani, hasa nyuma ya gurudumu mahali mchuzi unapojificha. Kikaushwe kwa kitambaa papo hapo, kitundikwe panapopita hewa, kisilale ndani ya droo yenye unyevu. Cha betri kisizamishwe: futa mwili wake kwa kitambaa chenye unyevu, sugua gurudumu kwa mswaki ulioloweshwa kidogo, na ukielekeze chini ili maji yasiingie ndani. Mashine ya mezani ichomolewe kwanza, si kuzimwa swichi tu. Kisha toa ule mkono wenye gurudumu, uoshe pembeni, na ufute sumaku na gurudumu la meno. Kuna mashine ambazo mkono wake hautoki. Hizo mimi huziona hazifai hata kama zimepunguzwa bei, kwa sababu gurudumu linalozama kwenye samaki wa kopo leo na kwenye maziwa kesho, katika joto letu, bila kuoshwa ipasavyo, ni makazi ya vijidudu yaliyowekwa mezani kwa hiari.

Ulainisho unahitajika mara chache. Watu hukimbilia mafuta ya kupikia, ambayo baada ya wiki kadhaa huganda kama utomvu na kunuka, au mafuta ya cherehani, ambayo hayafai kugusa chakula. Tone moja la mafuta ya madini yaliyosafishwa kwa matumizi ya chakula au tiba, linalopatikana kwenye maduka ya dawa, linatosha kwenye ekseli ya gurudumu. Mafuta ya taa yasitumike kamwe. Gurudumu likishaota kutu ya kubanduka, usilisugue ukidhani litarudi. Chembe zake zitaingia kwenye chakula. Badilisha gurudumu au kifaa.

Kopo nalo lina haki yake. Futa juu ya mfuniko kwa kitambaa safi chenye unyevu kabla ya kufungua kwa kifaa chochote. Kopo lililovimba, linalovuja, au lililobonyea kwenye mshono lisifunguliwe kabisa, maana linaweza kuwa na sumu ya bakteria wa Clostridium botulinum, ambayo haionekani wala mara nyingi hainuki, na kiasi kidogo chake hulemaza misuli ya kupumulia. Makopo ya soda na ya dawa za kupuliza yana mgandamizo ndani na hayaguswi na vifungulio hivi. Baada ya kufungua, chakula kilichobaki kihamishiwe kwenye chombo cha kioo au plastiki chenye kifuniko, hasa vyenye uchachu kama nyanya na mananasi, kisha kiingie kwenye friji: samaki, nyama na maharage kwa siku 3 hadi 4, nyanya na matunda kwa siku 5 hadi 7. Friji iliyokaa bila umeme saa nyingi hufupisha muda huo. Mfuniko wenye makali ulale ndani ya kopo tupu na mdomo wa kopo ubanwe, kwa sababu taka zetu hupitia mikononi mwa wazoaji na vijana wanaokusanya vyuma chakavu, ambao wengi wao hawana glavu.

Uamuzi kwa nyumba mbalimbali

Familia ya kawaida inayofungua kopo moja au mawili kwa wiki ichukue cha mipini miwili cha kukata kwa ubavuni. Mzee anayeishi peke yake, au mwenye viganja vyenye maumivu, achukue cha betri, na katika droo abaki nacho cha mkono kwa ajili ya jirani au mjukuu atakayekuja kusaidia siku betri zikiisha. Mashine ya mezani ina nafasi yake kwa mama lishe anayefungua makopo kila asubuhi, au kwa nyumba ambayo mpishi wake hawezi kubana chochote na ina soketi salama mbali na maji, mradi mkono wa mashine unatoka kwa kuoshwa na kibandiko kinasoma volti 220 hadi 240. Hata hao wawe na cha mkono pembeni. Mgahawa unaopika kwa makopo makubwa usinunue hata kimoja kati ya hivi. Uagize kile cha kufunga mezani.

Ukiwa dukani, omba kijaribiwe. Nunua kopo dogo la nyanya la gramu 70 kwenye duka la jirani, lifutwe, lifunguliwe mbele yako na mtu atakayekitumia nyumbani, si na muuzaji aliyekizoea. Tazama mahali gurudumu lilipopita, chungulia kama kuna nyuzi za bati mdomoni mwa kopo, na umwombe muuzaji akuonyeshe jinsi kinavyofunguliwa kwa kuoshwa. Cha umeme kijaribiwe kwa soketi ya dukani mara mbili au tatu, ukisikiliza kama mota inazunguka kwa sauti ileile, na risiti iandikwe jina la kifaa na muda wa dhamana kabla hujatoa fedha.